Dawa ya Kupe Katika Chupa ya Maji: Mhadhara kwa Wafugaji wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu, wake kwa waume. Nimeitwa nizungumzie sumu bandani. Nitakaa zaidi kwenye chupa.

Mnajua inavyokuwa. Mtu ana ng'ombe wawili, kopo zima la dawa ya kupe limzidi. Jirani anammiminia kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, inawekwa karibu na ndoo ya kukamulia. Mwenye kiu ni kijana aliyetoka kukata majani, au mtoto. Amitrazi, moja ya dawa hizo za kupe, ile ya asilimia 12.5 kwa kawaida huchanganywa mililita 40 kwa bomba la kupulizia la lita 20, kwa hiyo kilichomo chupani kina nguvu mara 500 ya kile anachopuliziwa ng'ombe. Tena ikishatiwa maji huwa nyeupe kama maziwa. Bandani kwa ng'ombe wa maziwa, jamani!

Chupa ile pia haina lebo. Dawa za kupe za jamii ya organofosfeti humtoa mtu mate na jasho, mboni zikasinyaa, misuli ikamcheza. Hizo hutibiwa kwa atropini. Amitrazi humlaza usingizi, moyo ukaenda polepole, sukari ikapanda, na haina kiuasumu chake. Daktari atapima, lakini lebo humpunguzia kubahatisha. Basi kugawana kama hakuna budi, gawaneni dawa iliyokwisha kuchanganywa, itumike siku ile ile, iishe. Kopo libaki kwa mmoja, chini ya kufuli. Mkienda hospitali, nendeni nalo.

Sisi watu wa ng'ombe kila sumu dawa yake maziwa. Hapana. Wala msimtapishe: dawa nyingi hizi zina vimumunyisho vya mafuta, vikipanda huingia mapafuni. Aliyesinzia asinyweshwe kitu, alazwe ubavu.

Si lazima mtu anywe. Ngozi nayo hupitisha. Ikimwagikia, vua nguo papo hapo, osha kwa sabuni na maji mengi. Anayemsaidia avae glavu. Kupuliza, toeni ng'ombe nje. Kusi likivuma simama kusini mwake, kaskazi simama kaskazini. Wengi hukumbuka upepo wakichoma taka tu.

Wenye mashine za kukamulia: asidi ya kusafishia na klorini visikutane ndoo moja, hutoa gesi inayounguza mapafu.

Haya, maswali. Tuanze na kina mama, maana wao ndio wanaosuuza bomba.