Mkataba wenye umri wa mkarafuu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu na wanafunzi, Assalaam alaykum.

Nimeombwa nizungumzie namna kampuni za bidhaa za anasa zinavyosaidia jamii na maendeleo endelevu. Anasa ina milango mingi, ikiwamo vito, saa na mikoba, lakini kwa kuwa tumekutana Chake Chake nitajifunga na manukato. Harufu ndiyo riziki ya kisiwa hiki, hasa tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikabaki kuwa shamba kuu la karafuu.

Kazi iliyomo mnaijua. Mchumaji hupanda juu ya mti, akalivuta tawi kwa upembo, akachuma karafuu kabla ua halijafunguka. Usiku nyumba nzima hukaa kuchambua, karafuu upande huu na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule, na asubuhi zikaanikwa juu ya majamvi. Wingu likitanda, mama huacha chungu jikoni akakimbilia uani kukusanya, kwa sababu karafuu iliyolala na unyevu huchacha, ikapoteza rangi na kushuka daraja. Kilo tatu mbichi hubaki takriban kilo moja kavu. Makonyo nayo hayatupwi: hupelekwa kiwandani Wawi, yakatolewa mafuta kwa mvuke. Hata langilangi, ambalo mabinti zetu hulifunga kwenye kikuba pamoja na asumini na rihani, ni mojawapo ya maua yaliyomo katika manukato ya Chanel No 5 tangu yalipotoka 1921.

Mara nyingi kampuni kubwa inapotaka kuonyesha wema wake hujenga darasa au huchimba kisima. Sivibezi vitu hivyo. Mtoto anayekaa chini anahitaji dawati leo. Lakini darasa hujengwa mara moja, ilhali bei hulipwa kila msimu, na mimi naamini kwa dhati kwamba msaada wa kweli wa kampuni ya anasa umo ndani ya ununuzi wenyewe: inanunua kwa bei gani, kwa muda gani, na nani anabeba hasara ya mti na ya msitu.

Tazameni Grasse, kusini mwa Ufaransa. Asumini ya huko huchumwa alfajiri kwa mkono, maelfu ya maua kwa kilo moja tu, na ardhi yake ilikuwa ikimegwa kwa ajili ya majumba, kama mashamba yetu yanavyokatwa viwanja. Mwaka 1987 kampuni ya Chanel iliingia makubaliano na familia moja ya wakulima, akina Mul, ili ilime maua kwa ajili ya manukato yake, na makubaliano hayo yameendelea hadi kizazi kilichofuata. Mkulima mwenye uhakika wa mnunuzi hana sababu ya kuuza shamba. Haki hiyo aliyopewa mkulima wa Ufaransa sioni kwa nini isimfikie mkulima wa Wete au Mkoani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na unauma. Ndugu zetu wa Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani. Kuyatoa mafuta hayo huchukua saa nyingi juu ya moto, na moto huo huwashwa kwa kuni. Kisiwani Nzwani ukataji wa miti kwa ajili ya mitambo hiyo, pamoja na kilimo cha milimani, umeacha vilima vitupu, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka. Chupa inauzwa Paris, mto unakauka Nzwani. Kampuni inayosema uendelevu ni lazima iiweke gharama ya tanuri bora na ya upandaji miti ndani ya bei ya lita, isimwachie mwenye mtambo anayeishi kwa mkopo.

Tangu 2017 Ufaransa ina sheria inayozitaka kampuni kubwa, zenye wafanyakazi kuanzia 5,000 nchini humo, kutangaza mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira, hata kwa wale wanaoziuzia mali. Kwa hiyo mchumaji anayeanguka mtini na kuvunjika kiuno si habari ya kijiji peke yake. Mnunuzi wa mwisho anaweza kuulizwa.

Kwetu karafuu huuzwa kupitia Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na mazungumzo ya aina hii hayawezi kulipita shirika hilo. Ningependa waliopo hapa kutoka vikundi vya wakulima waombe jambo moja mahsusi: mnunuzi wa nje anayetaka kupamba jina lake kwa jina la Pemba asaini ununuzi wa miaka isiyopungua kumi, pamoja na fungu la kuwahudumia wachumaji wanaoumia na la kuitunza miche. Miaka mitatu haitoshi. Mche utakaopandwa masika haya hautatoa karafuu kabla ya miaka sita hivi, na mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza mwaka huu atakuwa anakaribia sekondari siku baba yake atakapouchuma kwa mara ya kwanza.