Orodha Kwanza, Skana Baadaye: Mhadhara kwa Wanaojitolea Kutunza Nyaraka, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Akina mama na vijana mliofika, habari za mchana.

Nimeombwa nieleze kazi inayowangoja wanaojitolea katika chama chetu cha hisani, ambacho kinasaidia hifadhi ya nyaraka za kihistoria hapa Moshi. Wengi mmesema mngependa kutumia skana. Ni jambo jema, lakini skana ni hatua ya mwisho, na upungufu tulio nao ni wa watu wenye subira ya kuandika orodha. Karatasi isiyo kwenye orodha, hata picha yake ikiwa kwenye kompyuta, mtafiti hataiomba, kwa sababu hajui kwamba ipo.

Mkoa huu umeandika mengi. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao, ikafuata mwaka 1933. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na serikali mwaka 1976, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kuvirudisha. Ofisi inapofungwa, makabati hupelekwa stoo, na karani aliyejua mpangilio wa masijala huenda zake.

Ndiyo maana anayejitolea haruhusiwi kupanga majalada upya. Tuseme umekuta barua ya mwaka 1952 imebanwa pamoja na stakabadhi ya kahawa ya mwaka 1949. Mkono utakuwasha uzipange kwa tarehe. Usifanye hivyo. Huenda barua ile ni malalamiko ya mkulima aliyepunjwa malipo, na stakabadhi ndiyo ushahidi wake. Ukizitenganisha, hutakuwa umechana karatasi hata moja, ila shauri zima litakuwa limepotea. Andika kwenye orodha kile ulichokikuta, kwa utaratibu ulioukuta.

Kazi yenyewe ya mezani ni ya polepole. Pini iliyoshika kutu hutolewa kwa kupenyeza kipande chembamba cha plastiki kati ya chuma na karatasi, kisha ncha zake zikanyanyuliwa taratibu, kwa kuwa ukiivuta kwa nguvu itaondoka na kona ya barua. Vumbi hufagiliwa kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Tunaandika kwa penseli tu. Selotepu ni marufuku, maana gundi yake hugeuka kahawia na kuzama ndani ya karatasi, na laminesheni ni marufuku vilevile, ijapokuwa najua jinsi cheti kinavyopendeza kikitoka kwenye duka la stesheneri. Zile glavu nyeupe za kwenye televisheni tunaziacha kwa ajili ya picha na negativu. Kwa karatasi za kawaida, mikono safi iliyokaushwa vizuri huhisi udhaifu wa ukingo kabla haujachanika.

Wazee wangu, msidhani kwamba kazi hii ni ya vijana wa kompyuta peke yao. Picha iliyoandikwa nyuma “Mkutano, Marangu” haimfikishi mtafiti mbali, lakini mzee anayetambua sura, ukoo au kihamba, yaani shamba la nyumbani la familia, kilicho nyuma ya watu anaweza kuipa maana. Maelezo yake tunayaandika pamoja na jina lake na tarehe aliyoyatoa, ili atakayesoma ajue yametoka kwa nani. Tunahitaji pia wanaoweza kusoma Kijerumani kilichoandikwa kwa mwandiko wa zamani, na hao ni wachache mno.

Mwisho ni siri za watu. Rejista za wagonjwa na mashauri ya ndoa hugusa familia ambazo bado zinaishi nasi, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Simu hubaki mapokezini. Atakayekutana na jina la babu yake asipige picha akaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Amalize kazi ya siku hiyo, kisha amwone mtunza nyaraka na kujaza fomu ya maombi kama msomaji mwingine yeyote.