Msamaha Ulioombwa Sudbury

Wachungaji, wazee wa kanisa, ndugu zangu,

Nitazungumzia kanisa moja tu, Kanisa la Muungano la Kanada, kwa sababu lilifanya jambo ambalo makanisa mengi huliogopa: liliomba msamaha, likakubali kusubiri jibu.

Aliyelichokoza ni mama mmoja wa watu wa asili, Alberta Billy. Aliwaambia viongozi waziwazi kwamba wakati umefika kanisa liwaombe radhi watu wake. Agosti 1986, Mkutano Mkuu ukakutana Sudbury, Ontario, kulijadili. Wajumbe walikuwa ndani. Wazee wa watu wa asili walikuwa nje, kwenye maegesho ya magari, wamekoka moto, wanangoja. Hebu litazameni vizuri: mwenye kudai yuko nje, mdaiwa yuko ndani amekaa kitini, anajadili kama kweli anadaiwa.

Walipokubaliana, Moderata, yaani kiongozi mkuu wa kanisa, Robert Smith, na wajumbe wakatoka kuwafuata wazee kule nje. Alikiri kwamba kanisa lilichanganya desturi za Magharibi na Injili yenyewe, na kwamba lilijaribu kuwageuza watu wale wawe kama wao. Wazee walishukuru, lakini hawakusema "tumewasamehe". Walikwenda kushauriana na watu wao, na jibu likaja mwaka 1988, kule Victoria, likiletwa na Edith Memnook: tumeutambua msamaha wenu, tunaomba Mungu yasiwe maneno matupu, yawe ya vitendo. Kuutambua, basi. Kuupokea hawakusema.

Kwetu hapa mtu akiomba radhi mbele ya watu, wote humgeukia aliyekosewa: haya, sema yameisha! Asiposema, yeye ndiye anaonekana mwenye roho mbaya. Na ile methali ya yaliyopita si ndwele, nimeichunguza. Mara nyingi anayeitamka ni mkosaji.

Wazee wale walikuwa na sababu. Tamko la 1986 halikuzitaja shule za bweni. Hizo ni shule ambazo serikali ya Kanada ilizigharimia na makanisa yakaziendesha, Wakatoliki wakiwa na nyingi zaidi, kisha Waanglikana, Wapresbiteri na hawa wa Muungano. Watoto wapatao 150,000 walipitia humo. Walitengwa na wazazi, wakakatazwa lugha zao, wengi wakapigwa na kudhalilishwa, na maelfu walifia huko.

Mwaka 1997 kanisa likatamka toba juu ya shule hizo. Kuwaomba msamaha wanafunzi wenyewe kulingoja hadi Oktoba 1998, kupitia Moderata Bill Phipps. Kufikia hapo mahakama ya British Columbia ilikuwa imeshaamua kwamba kanisa na serikali wote wanawajibika kwa maovu yaliyotendwa katika mojawapo ya shule hizo, ile ya Alberni. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada ikathibitisha mgawo wa lawama: serikali asilimia 75, kanisa 25. Sisemi Phipps hakumaanisha. Nasema tu kwamba pale wakili anapoketi kando ya mchungaji, toba hutembea polepole.

Mengine yalifuata. Stan McKay, wa Wakrii, mojawapo ya mataifa ya watu wa asili, akawa moderata mwaka 1992. Mwaka 2012 nembo ya kanisa ikabadilishwa, ikawekwa rangi nne za watu wa asili na maneno ya Kimohawk, mojawapo ya lugha zao. Mwaka 2022 akachaguliwa Carmen Lansdowne, wa taifa la Heiltsuk. Ni hatua za kweli, ingawa nembo, jamani, haimgharimu mtu sana.

Kinachonivutia mimi ni mawe. Pale Sudbury walijenga rundo la mawe kuikumbuka siku ile, na wazee wakaagiza lisikamilishwe. Jiwe litaongezwa kadiri kanisa litakavyoonyesha kwamba lilimaanisha. Kamati ya kanisa haikupewa kazi ya kuamua lini limetosha.

Nitapokea maswali sasa. Naona kuna mzee pale nyuma ameshanyoosha mkono tangu nilipoitaja ile methali.