Uyoga wa Kichuguu na Uyoga wa Mfuko

MAMA NEEMA: Haya, tumeanza. Shemeji, sogea karibu, wiki iliyopita sauti yako ilikuwa inatoka kama uko Kiborloni.

BABA ANETH: Nimesogea. Leo ni saladi ya uyoga, na umeniambia una mambo matano ya kufundisha.

MAMA NEEMA: Matano, nimeyaandika kabisa. Ila kwanza niseme ya Jumapili, maana bado yananikaa moyoni.

BABA ANETH: Ya Kibosho.

MAMA NEEMA: Ya Kibosho, kwa mama yako. Wasikilizaji, mama mkwe wangu mnamfahamu. Mtoto amepata komunyo ya kwanza, nyama ipo, machalari yapo, mtori upo. Nikasema mimi nipeleke kitu chepesi. Nikaamka saa kumi na moja, nikapika uyoga, nikauacha upoe, nikachanganya na letusi, tango, nyanya na parachichi. Bakuli zima. Mama akachukua kijiko, akafunuafunua, akauliza, "Huu uyoga kauchuma nani?" Nikamwambia, Mama, nimenunua kwa jirani yangu pale Pasua, anaulima. Akarudisha kijiko. "Mimi sili uyoga wa mtu nisiyemjua."

BABA ANETH: Nilikuwepo. Niliona ulivyonyamaza.

MAMA NEEMA: Niliumia, shemeji.

BABA ANETH: Pole sana. Lakini naomba nimsemee Mama, kwa sababu hakukukataa wewe. Sisi tulikuwa na shamba la chini, kule tambarare, la mahindi. Pembeni kuna kichuguu. Mvua zikishanyesha, Mama anatuamsha alfajiri tushuke naye. Uyoga wa kichuguu umeshawahi kuuona? Kofia pana, unaweza kumfunika mtoto mchanga. Na mguu wake ni mrefu, ukichimba unakwenda chini mpaka kwa mchwa wenyewe.

MAMA NEEMA: Kwa mchwa?

BABA ANETH: Mchwa ndio wanaoulima, aisee! Wanaingiza majani makavu na vijiti ndani ya kichuguu, wanaotesha ukungu wake kule chini, ndio chakula chao. Tunachochuma sisi juu ni tunda lake tu.

MAMA NEEMA: Kwa hiyo mama yako anakula uyoga uliolimwa na mchwa, ila wa jirani yangu hapana.

BABA ANETH: (anacheka) Mchwa anawajua miaka yote!

MAMA NEEMA: Jirani yangu anachemsha mabua ya mpunga, yale yanayotoka mashamba ya kule Lower Moshi, anayapoza, anajaza kwenye mifuko, anapanda mbegu aliyoinunua. Anaweka chumbani kwenye giza mpaka mfuko mzima unakuwa mweupe. Kinachotoka pale ni uyoga mamama, hauwezi kuwa kitu kingine. Sasa nani ana uhakika zaidi?

BABA ANETH: Mama. Mama anaujua kwa mguu wake, kwa harufu, kwa mahali. Hajawahi kumlisha mtu akaumwa.

MAMA NEEMA: Kweli, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini wewe? Nikikupeleka kesho kwenye kile kichuguu peke yako, utachuma?

BABA ANETH: Nitachuma.

MAMA NEEMA: Shemeji!

BABA ANETH: Nimekulia pale.

MAMA NEEMA: Umekulia pale ukishika kikapu. Aliyekuwa anachagua ni Mama. Nisikilize, hili nalisema kwa wasikilizaji wote. Kuna uyoga wenye sumu ambao hata ukiupika saa nzima sumu haitoki. Unakula jioni, unalala vizuri, tumbo linaanza kesho yake. Halafu unapata nafuu, unasema nimepona, kumbe ini linaharibika. Na zile habari za kuweka kitunguu saumu kwenye sufuria uone kama kitageuka rangi, au kuangalia kama wadudu wameutafuna, zote si kipimo. Hakuna kipimo cha jikoni.

BABA ANETH: Hayo sikatai. Mama mwenyewe hajawahi kutumia kitunguu saumu, anaangalia uyoga. Ninachosema mimi, tukiacha kwenda naye, siku akiondoka ameondoka na ujuzi wote. Wajukuu wake watajua uyoga wa mfuko tu.

MAMA NEEMA: Basi wajue wa mfuko tu.

BABA ANETH: Hapana. Hapo siwezi kukubali.

MAMA NEEMA: Mimi nina watoto watatu. Ujuzi upotee, ini la Neema libaki.

BABA ANETH: Unaongea kana kwamba Mama alitulea kwa bahati.

MAMA NEEMA: Sijasema hivyo.

BABA ANETH: Ndivyo inavyosikika, shemeji. Mwaka wa njaa uyoga ule ulikuwa ndiyo nyama yetu.

MAMA NEEMA: Nakuelewa. Lakini watoto wangu hawaendi kichuguuni.

BABA ANETH: Na wangu wataenda. Na bibi yao.

(kimya)

MAMA NEEMA: Tumebakiwa na dakika nne.

BABA ANETH: Na mambo matano.

MAMA NEEMA: Nitasema la kwanza, ndilo lenye uzito. Maji. Uyoga karibu wote ni maji. Ukiuweka kwenye saladi haujakauka, kila kitu kinalowana, letusi inalala. Kwa hiyo robo kilo ya mamama, chana kwa mikono kufuata nyuzi zake, usikate kwa kisu. Usiuloweke, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Kikaango kiwe cha moto kweli, uyoga uenee chini bila kurundikana, usiweke mafuta kwanza, na chumvi usiiguse. Utatoa maji, acha yakauke mpaka usikie sauti inabadilika, inaanza kuchachatika. Hapo ndipo unaweka kijiko cha mafuta ya alizeti na kitunguu saumu. Ukishapata rangi ya kahawia, chumvi, epua. Halafu uutandaze kwenye sinia upoe kabisa.

BABA ANETH: Kabisa kabisa? Mimi naupenda wa vuguvugu.

MAMA NEEMA: Wa vuguvugu kula na ugali. Saladi ni wa baridi.

BABA ANETH: Na kitunguu maji?

MAMA NEEMA: Kioshe kwa chumvi kama cha kachumbari, ule ukali utoke. Ndimu na giligilani mwishoni, parachichi la mwisho kabisa lisipondeke... Jamani, nilitaka niseme na habari ya kuanika uyoga juani, kwamba unatengeneza vitamini D, na ya letusi...

BABA ANETH: Dakika moja.

MAMA NEEMA: Basi, yaliyobaki yatakaa kwenye karatasi. Aika kwa kutusikiliza.

BABA ANETH: Jumamosi nashuka shambani na Mama, kule chini imenyesha. Nikuletee nini?

MAMA NEEMA: Parachichi, shemeji. Parachichi tu.