Jinsi ya Kuchovya Biskuti kwenye Chai Bila Kukatikia Kikombeni

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena jikoni kwangu hapa Shangani, Mtwara. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Leo hatupiki chakula kizito. Leo tunachovya biskuti kwenye chai, na tunataka tuchovye vizuri: itoke kikombeni imelainika, imeshika harufu ya tangawizi, na ifike mdomoni ikiwa nzima.

Najua wapo watakaosema, kuchovya nani asiyejua? Ni kweli, wote tunachovya. Lakini tazama watu wakinywa chai asubuhi, utaona biskuti ngapi zinakatikia kikombeni, mtu anamalizia chai iliyojaa tope. Biskuti ni hela, na ni tamu. Haifai ipotee hivyo.

Tuanze na biskuti zenyewe. Mezani nimepanga aina nne. Hizi za mstatili, nyembamba, ni za glukosi, zile za paketi ndogo zinazouzwa kila duka la mtaani. Hizi za mviringo ni Marie. Hizi nene za rangi ya kahawia ni za ngano isiyokobolewa, hizi mpaka uende duka kubwa kidogo. Na hizi za mwisho ni za korosho, nimeoka mwenyewe, nitawaambia baadaye nimezifanyaje. Za krimu sijaziweka. Krimu inayeyuka, vipande viwili vinaachana, na chai inapanda mafuta juu. Za krimu uzile kavu tu, zina utamu wake.

Mimi nikiambiwa nichague moja kwa chai ya maziwa, nachukua Marie bila kufikiri mara mbili. Haina sukari nyingi, kwa hiyo haiibi ladha ya chai, na umbo lake linashikika vizuri. Glukosi ni tamu sana, lakini ni nyembamba na haina subira.

Sasa hatua ya kwanza, na hii ndiyo watu wengi wanairuka: hakikisha biskuti yako ni kavu. Sisi wa pwani tuna shida hii kuliko wenzetu wa bara. Ukifungua paketi asubuhi ukaiacha wazi, jioni biskuti imelegea. Hewa ya bahari ina unyevu mwingi, na biskuti ni sukari na wanga, vitu vinavyovuta unyevu. Kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili, ndiyo usiseme. Biskuti ya namna hiyo imeshakunywa maji kabla hujaichovya, ikigusa chai inakatika.

Ngoja nisogeze kamera muone. Hii ni ya paketi niliyofungua sasa hivi. Naivunja... mmesikia? Imetoa mlio, na pale ilipovunjika ni safi. Hii nyingine ililala wazi usiku kucha. Naivunja... inapinda kwanza, halafu inaachana taratibu, haina sauti. Hiyo usiipeleke kwenye chai.

Lakini usiitupe pia. Chukua sufuria nzito, kavu, iweke kwenye jiko la mkaa lenye makaa machache. Panga biskuti zisipandane, funika, weka makaa mawili matatu juu ya mfuniko, vile vile unavyofanya ukioka mkate wa kumimina. Dakika kama tano zinatosha, na usiondoke, sukari inaungua upesi. Ukizitoa utaziona bado laini. Usife moyo, zitandaze kwenye sahani zipoe, zinakauka kadiri zinavyopoa. Zikishapoa kabisa ziweke kwenye kopo la mfuniko wa kubana. Ukizifungia zikiwa na moto, mvuke unabaki humo humo na kazi yako imepotea.

Hatua ya pili, chai. Naponda tangawizi, natia kwenye maji, yakichemka natia majani, halafu maziwa, nakoroga, nachuja. Sukari naweka nusu ya kawaida yangu, maana biskuti inakuja na sukari yake. Kikombe kiwe kipana, biskuti iingie ikiwa imelala. Hiki cha udongo chenye mdomo mpana kinafaa. Vikombe vidogo vya kahawa haviwezi, humo chovya kipande, au kula kashata yako kwa amani. Usijaze mpaka ukingoni, acha nafasi ya vidole viwili. Na usichovye chai ikiwa inatokota, subiri mpaka uweze kuinywa kwa kufyonza kidogo kidogo. Moto mkali mno unayeyusha ile sukari inayoshikilia biskuti kabla hujaitoa.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe, kwa hiyo twende polepole.

Biskuti, hata ionekane imeshikana namna gani, ndani imejaa vitundu vidogo sana. Ukiigusisha chai, chai inapanda kwenye vile vitundu kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Ikifika ndani inafanya mambo mawili: chembe za wanga zinavimba na kulainika, na sukari iliyozigandisha pamoja inayeyuka. Hapo ndipo utamu unapofunguka, na hapo hapo ndipo biskuti inapokosa kitu cha kuishikilia. Kwa hiyo ufundi wote ni kuhakikisha upo upande ambao chai haijaufikia, uubebe ule ulioloa.

Jambo hili limewahi kufanyiwa hesabu. Len Fisher, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, alichunguza uchovyaji wa biskuti akitumia kanuni ambayo Edward Washburn aliitoa mwaka 1921, inayoeleza jinsi kimiminika kinavyosafiri kwenye vitundu vidogo. Mwaka 1999 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza halafu ukakufikirisha. Kanuni inasema hivi: chai ikitakiwa kusafiri umbali mara mbili, inahitaji muda mara nne.

Tuilete kwenye kikombe chetu. Wengi tunazamisha biskuti ikiwa imesimama, hivi. Chai inaingia kwa pande zote mbili kwa pamoja, kila upande unasafiri nusu tu ya unene, zinakutana katikati, na biskuti imeloa yote. Sasa tazama mkono wangu. Nailaza. Nashika ukingo kwa vidole viwili, uso wa chini unagusa chai, uso wa juu unabaki mkavu. Hapa chai ina njia moja tu, kutoka chini kwenda juu, na lazima ipite unene wote. Umbali umekuwa mara mbili, basi muda wa kuloa mpaka juu ni mara nne. Biskuti ni ile ile, chai ni ile ile, umebadilisha mkono tu.

Kikombe kikiwa chembamba haiwezi kulala kabisa, iingize kwa kuilalia upande, mshazari, mradi uso wa juu usizame.

Nahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hii ni Marie, naitoa hapa. Na jambo muhimu sana: ukiitoa, igeuze. Upande ulioloa uende juu, mkavu uje chini ubebe. Kikombe usikiache mezani, kisogeze chini ya kidevu, njia iwe fupi. Mdomoni. Mm. Juu imelainika na tangawizi imo, chini bado inavunjika kwa meno. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Glukosi hesabu mbili tu, usiongeze. Zile nene za kahawia zinavumilia zaidi, jaribu tano kisha panda taratibu. Na ukibahatika kupata zenye chokoleti upande mmoja, chokoleti ikae juu, chini iingie ngano.

Ikikatika, usiiache izame ukiitazama. Kijiko kiwe mkononi tangu mwanzo, kiingize chini yake uitoe ingali kipande kimoja. Ukichelewa imeshakuwa tope.

Sasa kuna watu ambao maelekezo haya hayawafai, nao ni wazee wetu. Mama mkubwa amekaa hapa pembeni ananitazama, meno yamebaki machache, biskuti ngumu hata upande mmoja inamsumbua. Mama mkubwa, karibu chai.

"Ahsante mwanangu. Yangu isiwe ngumu."

Kwa mzee geuza kila kitu. Weka biskuti mbili kwenye kisosi, mimina vijiko vitatu vya chai ya vuguvugu juu yake, subiri mpaka zivimbe, mpe na kijiko. Usiifanye kuwa uji, iache iwe na umbo, mzee naye anapenda kuona anachokula. Kama ana kisukari, biskuti na sukari ya chai vyote vihesabiwe, muulize anayemhudumia.

Nimalizie na zile za korosho. Unga wa ngano vikombe viwili, sukari nusu kikombe, siagi au samli robo tatu ya kikombe, iliki, chumvi kidogo, na kikombe kimoja cha korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, uzitwange ziwe chenga, zisiwe unga. Sokoni ulizia vipande, ni bei nafuu kuliko nzima, na kwa kazi hii huoni tofauti. Usijaribu kubangua mwenyewe jikoni, mafuta ya ganda yanaunguza ngozi. Siagi na sukari zisugue pamoja, tia vingine, kanda mpaka ushikane. Ukigoma kushikana ongeza maziwa kijiko kimoja. Kata vipande vya unene wa kidole cha mwisho, oka nyuzi 180 kwa dakika 15 hivi, au kwa makaa ya juu na chini mpaka kingo zibadilike rangi. Kwa sababu zina mafuta mengi, chai haiingii upesi, unaweza kuhesabu mpaka nane na bado ikatoka imara. Hizi zinakwenda na kahawa chungu kuliko chai, hapo sibishani na mtu.

Haya, andikeni hapo chini kwenye maoni: nyie wa Lindi, Masasi, Newala, Tandahimba, kwenu mnachovya biskuti gani, na mnahesabu mpaka ngapi? Mwenye namna yake ya kuzioka aiandike na vipimo kabisa. Nitakazopata nitazipika hapa hapa video ijayo.