Chumbani Kwake Kipi?

ZUHURA: Karibuni tena barazani kwetu, hapa Shangani, Mtwara. Hamisi mdogo wangu, naona umekuja na jarida kwapani.

HAMISI: Shikamoo dada. La malezi hili, kaniachia abiria mwenzangu kwenye basi la Dar. Wanasema mtoto akigaragara kwa hasira, mpeleke chumbani kwake akatulie.

ZUHURA: Marahaba. Chumbani kwake kipi? Kwangu wanalala watatu kitanda kimoja, na wa nne kaja juzi kutoka Newala.

HAMISI: Ndiyo maana nimelileta. Mzazi akitoa hela yake kununua jarida, anatafuta nini?

ZUHURA: La kufanya leo jioni, kwa kilichopo jikoni. Kitindamimba wangu alipotimiza miezi sita, nesi aliniambia niendelee kumnyonyesha na nimwanzishie chakula. Nafungua jarida, nakuta brokoli. Brokoli, Hamisi! Mbaazi hawakuzitaja, kunde wala dagaa, na papai linaoza mtini.

HAMISI: Na korosho ziko uani.

ZUHURA: Hapo sasa. Korosho nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, itamkaba. Isage laini, anza na kidogo kwenye uji, umwangalie, maana wengine miili yao inaikataa. Na ile yenye ganda, mafuta ya ganda yanababua ngozi. Jarida la mtu wa huku lingeyaandika hayo Oktoba, korosho zinaokotwa na watoto wamo shambani wanafyonza mabibo.

HAMISI: Oktoba hiyohiyo mama katoka alfajiri. Mtoto aliyebaki nyumbani anashinda na nani?

ZUHURA: Na bibi yake.

HAMISI: Basi wamwandikie bibi! Mtoto akiharisha saa nne asubuhi, yeye ndiye wa kukoroga ORS, na kipimo cha maji kimeandikwa kwenye pakiti kwa herufi kama sisimizi. Mama atapata habari jioni. Bibi anataka picha, na herufi za kusomeka bila miwani.

ZUHURA: Ila wasimkaripie. Bibi ukimwambia mtoto hanywi maji kabla ya miezi sita, atakuuliza, "Kwani nyie mlikuaje?" Mimi nataka wanipe la kumjibu kwa adabu: maziwa ya mama yana maji ya kumtosha mtoto, hata kwenye joto letu hili. Ukiniandikia katazo tupu, umeniachia ugomvi na mama mkwe. Wewe hulali nyumba ile, nalala mimi.

HAMISI: Na sisi akina baba je? Jarida zima, baba nimemwona kwenye tangazo tu, anacheka na funguo za gari. Mimi nilitaka kujua namna ya kumwogesha mtoto wa wiki mbili bila mikono kutetemeka.

ZUHURA: Ulimwogesha?

HAMISI: Nilimwogesha. Maji mengi niliyaoga mimi.

ZUHURA: Mambo ya sare na michango ya shule tuyaache, tutakesha. Hebu nipe hilo jarida nikione hicho chumba.

HAMISI: Ukurasa huo haupo, dada. Bibi yao kafungia karanga za wateja.