Maji ya njano kwenye ndoo ya kuku

Wakubwa zangu shikamooni. Wafugaji wenzangu, habari za asubuhi.

Kisahani hiki nilichoshika kimefungwa kwa mkanda, naomba asikifungue mtu. Huo utando mnaouona ni bakteria, E. coli, waliotoka kwenye kinyesi cha kuku wa nyama aliyekuwa mzima kabisa. Juu yao tuliweka vipande vya karatasi vyenye dawa za bakteria. Hiki cha kulia kimezungukwa na duara safi. Bakteria wameshindwa kusogea. Sasa tazameni hiki cha oksitetrasaiklini, ile OTC yetu ya kila siku. Wameota mpaka wakaigusa karatasi.

Bakteria sugu wa namna hii, yaani wasiodhurika na dawa, huwa na pampu ndogo sana kwenye ngozi inayowazunguka. Dawa ikiingia, wanaisukuma nje kabla haijawadhuru. Mara nyingi maelekezo ya kuitengeneza pampu hiyo yako kwenye kipete cha vinasaba kiitwacho plasmidi, na bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa jamii nyingine. Kinachoninyima usingizi ni kwamba plasmidi moja yaweza kubeba usugu wa dawa tatu, nne, kwa mpigo.

Mwaka 1976 Stuart Levy na wenzake, kule Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa shamba moja la kuku. Kuku walilishwa chakula chenye tetrasaiklini, dawa ya ukoo mmoja na OTC. Ndani ya wiki moja tu, karibu bakteria wote wa matumbo yao walikuwa sugu. Miezi 5 hadi 6 baadaye, watu 7 kati ya 11 wa shamba lile walikuwa wametoa zaidi ya mara moja choo ambacho bakteria wake, zaidi ya asilimia 80, ni sugu. Kwa majirani walikuwa 3 kati ya 24. Yaani dawa ya kuku ilibadilisha matumbo ya waliowafuga.

Habari ya kuuza mayai kuku wakiwa bado kwenye dawa mnaijua; someni siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Mimi nataka kuzungumzia ugonjwa wa kideri. Kuku wanapinda shingo, wanaharisha kijani, asubuhi unakuta kumi wamelala. Mtu anakimbilia duka la dawa za mifugo, anakoroga unga mpaka maji ya ndoo yanakuwa ya njano. Naielewa hofu hiyo, maana marejesho ya kikoba hayasubiri. Lakini kideri ni virusi, na OTC haiui virusi. Pesa imekwenda, kuku wamekufa, na waliobaki wamebeba bakteria sugu. Kinga yake ni chanjo, ile ya tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kuku wakiwa wazima.

Na kuku akifa, usimtupe, wala usianze na duka. Mfunge kwenye mfuko, umpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo ampasue, hajaanza kuoza.